Kabla Hujatuma Mchango wa Maafa: Namna ya Kulitambua Shirika la Kuaminika

Siku hizi habari ya tetemeko au mafuriko hutufikia ombi la mchango likiwa limeshabandikwa juu yake. Picha ya mtoto aliyejaa vumbi, aya mbili za kusikitisha, namba ya kutumia pesa, na chini kabisa: "Tafadhali sambaza, kila dakika ni uhai." Aliyeuandika ujumbe huo humjui, maana umepita kwa watu wengi kabla ya kukufikia. Unayemjua ni shangazi aliyekutumia. Na kwa kuwa unamwamini shangazi, unajikuta umemwamini na mwandishi.

Niliwahi kutuma pesa kwa namna hiyo. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha lilikuwa la mtu binafsi, halikuwa la shirika lililotajwa kwenye ujumbe. Nililiona. Nikajiambia labda ni mhasibu wao, nikabonyeza. Kesho yake namba ilikuwa haipatikani. Kilichoniuma kuliko pesa yenyewe ni kwamba nilikwisha kujihesabu kuwa nimetoa, kwa hiyo sikutoa tena. Waliokuwa wamelala nje baada ya maafa yale hawakupata chochote kutoka kwangu. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata tangu siku ile, na nyingine nimezijua kwa kusoma yaliyowapata watu katika maafa makubwa ya miaka ya karibuni.

Hatua ya 1: Tulia, una muda

"Kila dakika ni uhai" ni kweli tupu kwa anayefukua kifusi. Saa 72 za mwanzo baada ya tetemeko ndizo zenye tumaini kubwa la kumtoa mtu akiwa hai, na wengi wanaotolewa hutolewa na majirani zao wenyewe, kwa mikono na majembe, kabla vikosi vya nje havijatua. Mchango wako hauziwahi saa hizo hata ukiutuma sekunde hii. Blanketi analofunikwa manusura usiku wa pili lilinunuliwa zamani likawekwa ghalani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) linaendesha mtandao wa maghala ya dharura kwa ajili ya mashirika mengi ya misaada, yakiwemo maghala ya Brindisi nchini Italia, Dubai, Accra na Panama. Humo mahema, maturubai na vifaa vya kusafishia maji hukaa vikingoja maafa ambayo bado hayajatokea. Pesa unayotuma leo huenda kujaza rafu zilizobaki tupu, au kulipia kazi ya mwezi wa pili na wa sita.

Kwa hiyo nusu saa utakayoitumia kukagua haimnyimi mtu blanketi. Wanaohitaji uharakishe ni matapeli, kwa sababu huruma ikipoa akili hurudi. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani mwezi Agosti 2005, ndani ya wiki chache ziliibuka tovuti kwa maelfu zenye jina la kimbunga hicho, nyingi zikiomba michango, na serikali ya nchi hiyo ikalazimika kuunda kikosi maalumu cha kupambana na ulaghai wa Katrina. Mtu akikupigia simu akakwambia ofa ya "kila shilingi itaongezewa maradufu" inaisha usiku wa leo, mshukuru, kata simu, kisha litafute shirika hilo wewe mwenyewe.

Hatua ya 2: Jiulize unataka pesa yako ifanye kazi gani

Maafa yana vipindi, na kila kipindi kina mafundi wake. Kwanza kuna uokoaji na matibabu ya majeruhi. Kisha maji, vyoo, chakula na mahali pa kulala. Kisha shule, mashamba, nyumba, deni la duka lililosombwa. Kipindi hiki cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote, na ndicho kinachokosa wachangiaji, kwa sababu kamera zimeshaondoka.

Kimbunga Idai kilipoingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, Msumbiji, Machi 2019, kilichoonyeshwa kwanza ni watu juu ya mapaa na miti. Wiki mbili baadaye adui alikuwa kipindupindu, na kazi ikawa ya chanjo, klorini na vyoo. Aliyechangia boti alichangia vizuri. Aliyechangia klorini naye alichangia vizuri, ila ilibidi achague shirika jingine.

Kuna vipimo vinavyoweza kukusaidia kusoma ahadi za shirika. Mashirika ya misaada ya kibinadamu hufuata viwango vinavyoitwa Sphere, vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1997. Vinataka mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 20, na kila mtu apate walau mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa. Sasa chukua kalamu. Shirika likisema litawapa maji watu 10,000, maana yake ni lita 150,000 kila siku. Lori la maji la lita 10,000 lingehitaji kwenda na kurudi mara 15 kwa siku, kila siku, likiwa na dereva, mafuta, na matangi ya kupokelea. Shirika linaloijua kazi hiyo litakuwa limeandika mahali fulani kuhusu malori, visima au mitambo yake. Lisiloijua litakuwa na picha ya mtoto akinywa maji, basi.

Ukishajua unataka kusaidia kipindi gani, chagua majina mawili au matatu ya kuyakagua. Kwa upasuaji na magonjwa ya mlipuko, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) wana uzoefu wa tangu 1971. Vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu viko karibu kila nchi, na wanaojitolea wao ni wakazi wa hukohuko. Usiishie kwenye majina makubwa, lakini yatumie kama kipimo cha kulinganishia.

Hatua ya 3: Hakiki jina, herufi kwa herufi

Matapeli wa maafa hupenda majina yanayofanana na yale unayoyajua. Neno moja hubadilishwa: "mfuko" unakuwa "taasisi", "watoto" inakuwa "mtoto". Macho yanapita tu, kwa kuwa ubongo umeshajaza lile jina halisi. Kwa hiyo usibonyeze kiungo kilichokuja na ujumbe, hata kama umetumiwa na ndugu. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, au litafute shirika kwa jina lake kamili, kisha tafuta tena ukiongeza neno "utapeli" au "malalamiko".

Ndani ya tovuti tafuta namba ya usajili. Hiyo namba ndiyo utakayokwenda nayo kwa msajili, maana majina yanafanana lakini namba hazifanani. Uingereza na Wales wana daftari la wazi la Charity Commission, ambapo unaona wadhamini wa shirika, mapato na matumizi yake ya miaka mitano, na kama limechelewa kuwasilisha hesabu. Marekani, mamlaka ya kodi (IRS) ina ukurasa wa kutafutia mashirika yenye msamaha wa kodi, na mengi yao hulazimika kujaza fomu namba 990 ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, ikiwa na mishahara ya viongozi wa juu. Australia kuna tume ya mashirika ya hisani (ACNC), Kanada kuna orodha ya mamlaka ya mapato. Tanzania kuna Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na Kenya kuna mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2024.

Ukilipata jina kwenye daftari, usiishie hapo. Angalia tarehe ya kusajiliwa. Shirika lililozaliwa siku nne baada ya tetemeko linaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini halina ghala, halina magari, halina mtu anayeijua njia ya kwenda kijijini, na pesa yako ndiyo itakayokuwa ada ya kujifunzia. Angalia na majina ya wadhamini. Wakiwa watatu na wote ni wa familia moja, uliza nani anayeweza kumwambia mkurugenzi hapana.

Hatua ya 4: Fungua hesabu zake na uzisome

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, wakidhani hesabu ni za wahasibu. Sivyo. Huhitaji kuelewa kila safu. Fungua ripoti ya mwaka, pitia haraka zile kurasa za picha, nenda mwisho kwenye hesabu zilizokaguliwa, na utafute mambo manne.

La kwanza ni barua ya mkaguzi wa nje. Huwa ukurasa mmoja au miwili, na sentensi inayotafutwa ni ile inayosema hesabu zinaonyesha hali ya kweli na ya haki. Ukikuta mkaguzi ameandika "isipokuwa" kisha akataja jambo, lisome jambo hilo mara mbili. Usipoikuta barua kabisa, uliza kwa nini.

La pili ni mapato yanatoka wapi. Shirika lenye wachangiaji wengi wadogo, wafadhili kadhaa wakubwa na mikataba ya umma lina macho mengi yanayolitazama. Linalotegemea mfadhili mmoja lina macho mawili.

La tatu ni matumizi, na hapa nina maoni makali kidogo. Tumezoeshwa kuuliza, "Asilimia ngapi inakwenda moja kwa moja kwa waathirika?" na kulipenda shirika linalojibu 100. Mimi jibu hilo hunitia shaka. Tani za unga hazijipeleki zenyewe kwenye daraja lililovunjika. Kuna anayelinda ghala, anayeandika majina ya kaya ili familia moja isipewe mara tatu na nyingine ikakosa, na mhasibu anayezuia wizi. Hizo zote huandikwa kama gharama za uendeshaji. Mwaka 2013 viongozi wa asasi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliwaandikia wachangiaji barua ya wazi wakiwasihi waache kulipima shirika kwa asilimia hiyo peke yake. Mmoja wao, BBB, ana kiwango cha chini: angalau asilimia 65 ya matumizi yote iende kwenye kazi zenyewe. Naona ni mstari mzuri wa kuanzia. Chini ya hapo nataka maelezo. Juu ya hapo naacha kuhesabu asilimia, naanza kuuliza kazi imefanyika vipi.

La nne ni akiba. Shirika lenye akiba ya miezi kadhaa linaweza kutuma timu leo bila kungoja michango, na hilo ni jambo jema. Lenye akiba ya miaka mingi isiyo na maelezo linaweza kungoja mchango wako, na huenda kuna wengine wenye uhitaji zaidi.

Hatua ya 5: Uliza lilikuwa wapi kabla ya maafa

Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR, vyombo vya habari vya Marekani, walichapisha uchunguzi wao: katika pesa zote hizo, nyumba za kudumu walizoweza kuzithibitisha kuwa zimejengwa na chama hicho zilikuwa 6. Chama kilipinga, kikieleza kwamba fedha zilikwenda pia kwenye makazi ya muda, afya, maji na ruzuku kwa mashirika mengine. Ukisoma pande zote mbili, unachokiona ni ugumu wa ardhi: kujenga nyumba kunahitaji hati za viwanja, watu wanaoijua lugha na sheria za mahali, na uhusiano ambao haununuliwi kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa, liandikie shirika barua pepe fupi. Mimi huuliza haya:

- Mmekuwa mkifanya kazi katika eneo hilo tangu lini, na ni watu wangapi wa huko mliowaajiri?
- Mnashirikiana na kikundi au ofisi gani ya wenyeji?
- Mmelenga kukusanya kiasi gani, na kikizidi mtakifanyia nini?
- Mwathirika akidhulumiwa na mfanyakazi wenu, analalamika wapi?

Swali la mwisho watu hulisahau, nami nakuomba usilisahau. Mwenye hema la kugawa ana nguvu kubwa juu ya mama mwenye watoto watatu mvuani, na wamekuwepo wafanyakazi wa misaada walioitumia nguvu hiyo vibaya. Shirika makini litakuonyesha namba ya malalamiko, kisanduku, au mtu maalumu, kwa lugha ya wenyeji.

Kukiri kosa hakuliondolei shirika sifa. Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilikiri kwamba takriban dola milioni 6 za kupambana na Ebola katika Afrika Magharibi zilipotea kwa ulaghai: bei za vifaa na mishahara ilipandishwa kule Liberia, mtoa huduma za forodha alizidisha na kughushi ankara kule Guinea, na Sierra Leone kulikuwa na njama kati ya wafanyakazi na watu wa benki. Ni aibu kubwa. Lakini tunayajua hayo kwa sababu wakaguzi waliingia na matokeo yakatangazwa. Shirika la miaka 20 lisilowahi kutaja kosa hata moja linanipa wasiwasi zaidi.

Hatua ya 6: Kama ni kikundi kidogo

Mara nyingi msaada unaofika haraka na kwa heshima ni wa kikundi kidogo kilichopo hapohapo: chama cha wanawake, msikiti, kanisa, vijana wa kata. Hawa hawana ripoti yenye kurasa za rangi, na kuwanyima kwa sababu hiyo ni dhuluma. Wakague kwa vipimo vyao.

Akaunti iwe ya jina la kikundi, na kutoa pesa kuhitaji sahihi za watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja. Orodha ya waliochangia na kilichonunuliwa isomwe hadharani au ibandikwe mahali watu wanapoiona. Waombe risiti moja tu, yoyote, ya ununuzi wa wiki iliyopita: kikundi kinachofanya kazi kitakupigia picha ile karatasi iliyokunjamana yenye muhuri wa duka, pengine na doa la mafuta, ndani ya dakika kumi. Kisha mtafute mtu mmoja wa eneo lile asiye mwanachama, umuulize kama amewaona. Ukipata mawili kati ya hayo, toa kidogo kwanza. Wakikuletea maelezo ya hicho kidogo bila kukumbushwa, ongeza.

Hatua ya 7: Michango ya mtu mmoja mmoja, na picha zake

Michango inayoanzishwa na mtu kwenye majukwaa ya mtandaoni inaweza kuiokoa familia moja ambayo hakuna shirika lililoifikia. Inaweza pia kuwa hadithi ya kutungwa. Mwaka 2017 huko Marekani zilikusanywa zaidi ya dola 400,000 kwa ajili ya mtu asiye na makazi aliyedaiwa kumnunulia mafuta ya gari mwanamke aliyekwama barabarani, kwa dola zake 20 za mwisho. Mwaka uliofuata ikabainika kisa chote kilikuwa cha kubuni. Kisa kilikuwa kizuri mno, na uzuri wenyewe ulizuia watu kuuliza.

Kanuni yangu hapa ni nyepesi: nachangia mtu binafsi iwapo mimi, au mtu ninayeweza kumpigia simu, anamjua kwa sura. Vinginevyo nataka kujua mwanzilishi ana uhusiano gani na familia, pesa zinaingia akaunti ya nani, na kama kuna ndugu wa familia waliochangia au kuandika neno.

Picha nazo zikague. Chukua picha uitafute kwa picha kwenye injini ya kutafutia. Mara nyingi utaikuta imetumika kwa mafuriko ya nchi nyingine miaka sita iliyopita. Siku hizi kuna na zile zinazotengenezwa kwa akili mnemba. Baada ya tetemeko la Uturuki na Syria la tarehe 6 Februari 2023 ilisambaa picha ya mzimamoto akiwa amempakata mtoto mdogo mbele ya majengo yaliyoanguka, ikiambatana na anwani za kutumia sarafu za kidijitali. Ilikuwa picha ya kuliza. Waliotulia wakaitazama kwa makini waligundua mkono wa yule mzimamoto ulikuwa na vidole sita. Vidole sasa vinachorwa vizuri zaidi, kwa hiyo usitegemee macho peke yake: tafuta kama kuna chombo cha habari kinachojulikana kilichoitumia picha hiyo, na jina la mpigapicha.

Hatua ya 8: Soma maneno ya mfuko

Karibu na kitufe cha kuchangia huwa kuna sentensi ndogo. Moja husema mchango wako utatumika "kwa maafa haya". Nyingine husema "kwa maafa haya na mengine ya namna hii". Tofauti yake ni kubwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipokea zaidi ya dola milioni 500 katika mfuko maalumu, kisha ukaeleza kwamba sehemu ingehifadhiwa kwa mahitaji mengine ya baadaye. Wachangiaji walikasirika, mkuu wa chama akaondoka, na uamuzi ukabadilishwa.

Tazama na upande wa pili. Mwanzoni mwa Januari 2005, siku chache tu baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, MSF walitangaza kwamba pesa walizopokea kwa ajili ya tsunami zilikuwa zimetosha kwa kazi waliyoiweza, wakawaomba watu wasitume tena kwa mfuko ule. Kisha wakawaandikia waliokwisha kutoa, wakiomba ruhusa ya kuhamishia ziada kwenye dharura nyingine. Wapo waliowalaumu. Mimi nasema mtu akipata shirika linaloweza kusema "zimetosha", amelipata.

Ushauri wangu: kama umelikagua shirika na unaliamini, chagua mfuko wa jumla wa dharura. Maafa yenye kamera hupata ziada. Ukame unaoua polepole bila picha hubaki na rafu tupu.

Hatua ya 9: Lipa kwa njia inayoacha alama

Kadi ya benki, hundi, uhamisho wa benki, au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shirika: hizo zina kumbukumbu, na benki au kampuni ya simu inaweza kuulizwa. Anayekutaka ununue kadi za zawadi umsomee namba zake kwa simu ni tapeli, bila mjadala. Sarafu za kidijitali yapo mashirika ya kweli yanayozipokea, lakini anwani ichukue kwenye tovuti yao uliyoifungua mwenyewe, kamwe si kwenye ujumbe.

Na lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, lisome kwa sauti. Kweli, kwa sauti. Lisipolingana na jina la shirika, futa muamala kisha uwapigie kwa namba iliyo kwenye daftari la msajili.

Hatua ya 10: Vitu au pesa?

Toa pesa, isipokuwa umeombwa kitu mahsusi na aliye kwenye eneo la maafa. Najua inauma kuambiwa hivyo ukiwa na begi la nguo safi mkononi. Lakini tazama yaliyotokea Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya 2004. Ilipokea takriban tani 4,000 za dawa kwa watu wasiofika milioni mbili. Wafamasia waliochunguza walikuta kwamba sehemu kubwa haikuwa hata kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi hiyo, na nyingi ziliandikwa kwa lugha ambazo wahudumu wa pale hawakuzisoma. Mamia ya tani yalilazimika kuteketezwa. Kwa sababu kama hizo Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika.

Pesa hununua kinachotakiwa, karibu na kinapotakiwa, na humrudishia riziki mwenye duka wa mji wa jirani. Mashirika mengi sasa huwapa waathirika pesa taslimu moja kwa moja, pale ambapo masoko bado yanafanya kazi. Mama anajua kama anahitaji sufuria au nauli ya kwenda kwa dada yake.

Hatua ya 11: Baada ya kutuma

Hifadhi risiti. Weka kikumbusho kwenye simu cha miezi sita mbele, na siku hiyo ikifika ufungue tovuti ya shirika utafute ripoti ya maafa yale. Unatafuta sentensi zenye idadi, majina ya maeneo, na yale yaliyoshindikana. Usipoiona, andika uulize. Barua mia moja za wachangiaji wadogo husomwa.

Ukigundua umetapeliwa, mtu wa kwanza kumpigia ni benki au kampuni ya simu, saa hiyohiyo, kwa sababu muamala wa muda mfupi uliopita wakati mwingine huweza kuzuiwa. Piga picha ya ujumbe, namba na ukurasa kabla havijafutwa, peleka polisi na kwa msajili wa mashirika. Kisha rudi kwenye lile kundi ulikopokea ujumbe uwaambie wenzako, bila kuona haya. Mimi nilinyamaza wiki nzima, na katika wiki hiyo binamu yangu naye akatuma.

Ukimaliza haya yote mara moja, kazi ya pili ni rahisi. Wakati hakuna maafa kwenye habari, chukua karatasi uandike mashirika mawili uliyoyakagua: jina kamili, namba ya usajili, anwani ya tovuti, namba ya malipo iliyothibitishwa, na tarehe uliyokagua. Kila mwaka, hesabu mpya zinapotoka, yakague tena. Ibandike karatasi ndani ya mlango wa kabati. Ujumbe mwingine wenye picha ya mtoto na namba ya kutumia pesa utakapoingia, fungua kabati.